Video ya Mdogo Wangu Akianguka

Kijijini kwetu kila mtu alikuwa ameshamwona mdogo wangu akianguka, isipokuwa yeye mwenyewe. Waliosoma naye walimwona, watu wa mnadani walimwona, hata wageni waliokuja kununua hoho na kuondoka siku hiyo hiyo walimwona. Yeye huzinduka akakuta watu wamemzunguka, au wamemkimbia, akauliza, "Ilikuwaje?" Mimi humjibu, "Kama kawaida." Jibu hilo nimempa tangu akiwa darasa la tatu.

Tumezaliwa watatu. Mimi wa kwanza, wa kati ni mvulana aliyeshuka kutafuta kazi Mazinde, na huyu wa mwisho, msichana mwenzangu. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujazoea. Nilikuwa kidato cha pili. Sikumbuki siku niliyoamua kuacha shule. Nakumbuka karoti zilikuwa shambani zinataka kung'olewa na mtoto alikuwa wa kubebwa mgongoni, na asubuhi moja nilivaa sketi ya shule kwenda shambani kwa kuwa ilikuwa bado nzima. Niliivaa hivyo mpaka ikachakaa.

Neno kifafa nyumbani hatulitumii. Tunasema kuanguka. Watu huogopa mapovu, wanasema yanaambukiza, kwa hiyo anapoanguka wanasogea mbali kisha wanatazama wakiwa huko mbali. Mimi nilijifunza kuwahi. Nikisikia kishindo nakimbia, naweka kichwa chake mapajani, namfunika kanga, namshika mpaka ipite. Vidonge alipewa miaka mingi na alivimeza bila kuruka siku. Bado alianguka, na mara moja aliangukia mafiga. Kovu lile linaanzia kifundo cha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Sasa ni mtu mzima. Amejifunza kushona kwa jirani na mkono wake ni mzuri kuliko wa aliyemfundisha. Kuna fundi mwanamke Lushoto mjini aliyekuwa tayari kumpokea, lakini alipopata habari zake aliniambia kwa upole, "Mwache kwanza atulie. Pasi yangu ni ya mkaa." Hata mimi moto simwachii peke yake.

Huku juu ya Mlola tulizoea kwamba jambo kubwa ni la kushuka nalo. Mgonjwa anashushwa, mboga zinashushwa, mwenye shida ya cheti anashuka, anaambiwa arudi wiki ijayo. Siku hizi vingi vinakwenda vyenyewe na mtu anabaki. Bei ya karoti tunaijua kabla hatujang'oa. Hela inaingia kwenye simu nikiwa na jembe mkononi. Na kituo chetu cha afya kiliwekewa skrini, ili daktari bingwa wa mjini awaone wagonjwa bila wao kusafiri. Mganga wa kituo, kijana mmoja mcheshi, akatuita.

Daktari alikuwa mwanamke, anaonekana mpaka mabegani. Mdogo wangu alipiga goti kidogo mbele ya skrini.

"Shikamoo, dokta."

Uso wa daktari umeganda, mdomo nusu wazi. Mdogo wangu akanitazama, akapiga goti tena. "Shikamoo, dokta."

Zikaja marahaba mbili zimefuatana.

"Usirudie," mganga akamwambia huku anacheka. "Mtandao ndio mzito. Heshima yako imefika yote."

Kisha daktari akanigeukia mimi. Inaanzaje? Nikasema anaanguka. Kabla ya kuanguka? Nikasema nasikia kishindo. Mkono upi unatangulia kutetemeka? Macho yanaelekea wapi? Sikujua. Mimi niliyekuwepo kuliko mtu yeyote sikuwa na jibu hata moja. Nilichokuwa nimekiona miaka yote ni kanga yangu.

"Sikiliza, dada," akasema. "Ikitokea tena, ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa. Halafu usimshike, usimfunike. Chukua simu umrekodi mpaka mwisho, utume hapo kituoni. Nataka kuona uso na mikono."

Nikasema sawa.

Tulipotoka nje mdogo wangu alisimama njiani. "Mimi sijakubali."

"Daktari amesema."

"Amekwambia wewe." Alitembea kidogo, akasimama tena. "Haya, nakubali. Ila na mimi nioneshwe."

"Uone nini?"

"Nione mnachokiona."

Nikasema sawa. Niliona ni rahisi kusema sawa kuliko kufikiri.

Basi tukaanza kusubiri. Zamani tulikuwa tunaomba isije. Sasa nilikuwa natembea na simu imechajiwa kwenye pindo la kanga, naingoja kama mtu anayengoja gari. Haikuja. Mdogo wangu akawa anaamka, ananawa, anavaa gauni lake alilolishona mwenyewe, anajifunga kilemba vizuri, ndipo anakaa kuchambua maharage.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Siendi popote. Kama ni leo, daktari asinikute na nguo za shamba."

Siku nyingine alisema, "Ugonjwa umeona kamera umeona haya, dada. Tungeinunua zamani hiyo simu." Nilicheka kwa kuwa yeye alicheka. Ndani sikusikia chochote, wala hofu. Nilikuwa naangalia betri tu.

Ilikuja asubuhi, jua limeshatoka juu ya mlima wa pili. Alikuwa amekaa mkekani uani, anamenya njegere, nami nafunga mafungu ya karoti pembeni. Niliona mkono wake wa kushoto umeacha ganda lakini vidole vinaendelea kumenya. Vinamenya hewa. Kichwa kikageuka taratibu kushoto, kama mtu aliyeitwa. Kumbe ilikuwa hivyo. Nilitoa simu, nikabonyeza, ndipo akaanguka na sufuria ikapinduka. Nilisogeza sufuria kwa mguu, nikamlaza ubavu, nikasukuma gunia tupu chini ya kichwa. Nikasimama.

Mikono yangu ilikuwa na simu. Kanga ilikuwa begani. Nilimtazama ndani ya kioo kidogo, si pale chini alipokuwa, na kwenye kioo alikuwa mdogo, mtu wa mbali. Nilihakikisha mikono inaonekana. Nilihakikisha uso unaonekana. Ilipopita nikaweka simu chini, nikamfuta mdomo, nikakaa naye mpaka akauliza, "Ilikuwaje?"

"Imerekodiwa," nikasema.

Nyumbani simu inapigika tu; kutuma video ni lazima kupanda kwenye jiwe, juu ya njia, mahali mnara unapoonekana. Nilimwacha amelala, nikamwomba jirani amwangalie, nikapanda. Dalali wa karoti alinikuta pale, akapiga picha zake, akatuma Dar es Salaam, akaanza kupiga simu. Mimi bado.

"Dada, karoti zangu zimeshafika Kariakoo na wewe ulinitangulia hapa. Unatuma nini, ng'ombe mzima?"

"Video."

"Ya harusi?"

"Ya hoho."

"Hoho! Zinacheza ngoma mpaka zipigwe video?"

Mama mmoja aliyekuwa anatafuta salio kwenye simu yake akaangua kicheko. "Mwache mwenzio. Labda hoho zake zimesoma."

Nilicheka nao. Niliipakata simu kifuani, kioo kikiangalia nguo yangu. Ukungu ulipanda kutoka bondeni, mtandao ukakata, ukarudi, ukakata. Nilifikiri jambo moja tu: hawa wote wawili wameshamwona akianguka, dalali alimwona mnadani, mama huyu alimwona kwenye maziko. Naficha nini? Lakini sikuiondoa simu kifuani. Ilipokwenda, dalali alikuwa ameshashuka na bando langu lilikuwa limekwisha.

Mganga alitupigia wiki hiyo hiyo. Daktari ameona mkono wa kushoto, ameona kichwa. Kumbe kuanguka kwake kunaanzia mahali pamoja tu kwenye ubongo, na dawa yake ni nyingine. Akaeleza jinsi ya kupunguza vidonge vya zamani kidogo kidogo na kuanza vipya. Mdogo wangu alisikiliza kwa makini, akarudia maelezo yote, akashukuru. Alipokata simu akaninyooshea mkono.

"Sasa leta."

"Betri haina kitu."

"Asilimia hamsini. Nimeiona sasa hivi, dada."

"Ya nini? Umeshapata dawa."

"Ulisema sawa."

Nilikuwa na sababu nyingi na sikutoa hata moja. Nilimpa. Alikaa kizingitini, akafungua. Mimi niliangalia mlango wa jirani. Nilisikia sufuria ikipinduka, kisha mkwaruzo wa mkeka, kisha sauti ya mtu anaongea Kishambaa taratibu, bila kupanda wala kushuka, kama anayehesabia mafungu sokoni. Nipo. Niko hapa. Inaisha sasa hivi. Njegere usijali, nitaziokota mimi. Nipo.

Video ikaisha.

"Huyu anayeongea ni nani?"

"Ni mimi."

"Huwa unaongea?"

"Sijui," nikasema. Kweli sikujua.

Akairudisha mwanzo. Mara hii hakuangalia. Aliweka simu sikioni kama mtu aliyepigiwa. Alipomaliza alisema, "Njegere zenyewe hukuziokota. Jioni nilikuta kuku wamezimaliza."

"Nilikuwa kwenye jiwe."

"Basi." Akajifuta uso kwa kiganja, haraka. "Nilidhani ni vibaya kuliko hivi. Kwa jinsi watu wanavyokimbia, nilidhani nageuka kitu kingine."

Alikuwa na simu bado. "Namba ya fundi wa Lushoto unayo humu?"

"Ya nini?"

"Nimtumie. Aione kabla sijafika. Akisema nisije, nisiende, lakini awe ameona, si kusikia."

Nilimwambia asifanye hivyo. Nilimwambia mara ya pili. Yeye alikuwa ameshavaa viatu. Tulipanda wote wawili kwenye jiwe, akasimama mwenyewe mbele, simu ameinyoosha juu mbele ya watu, hakuificha. Dalali aliuliza leo ni hoho tena? Mdogo wangu akamjibu, "Ni mimi." Yule akasogea kutupisha.

Fundi hakujibu siku ile. Kesho yake pia kimya. Nilipalilia karoti na sikuwaza chochote. Siku ya soko, nikiwa mnadani, sauti yake ikaingia kwenye simu, fupi, nyuma yake cherehani inaita: "Nimeona. Mwambie aje. Pasi atapiga mwenzake, yeye atakaa mashineni."

Asubuhi ya kuondoka nilimfungia mzigo. Vidonge vipya nikaviweka juu avione, na kanga yangu nikaikunja chini yake, ile ile. Alifungua begi kukagua, kama ninavyofanya mimi, akaitoa.

"Hii baki nayo."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka watanilaza ubavu. Nimemweleza fundi."

Akaenda kupanda gari. Nilirudi uani nikiwa na kanga mkononi. Siku hiyo kulikuwa na jua, na njegere za mbegu zilikuwa hazijakauka. Nikaitandika chini, nikazianika.