Besi ya Nshomile

Vikombe vya mama ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kujua kwamba baba mdogo Elisha yupo nyumbani. Alikuwa akiingia sebuleni kwetu Kitendaguro, anavua viatu vyenye tope jekundu, anavuta kigoda, kisha anaegemeza kichwa cha gitaa la besi kwenye kabati la vyombo. Nyumba yetu haikuwa na umeme, na gitaa la umeme lisilo na umeme lina sauti ya nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Lakini mbao za kabati lile, zilizochongwa na fundi ambaye hakujua kwamba anatengeneza spika, ziliupokea mtetemo wa nyuzi na kuukuza, na vikombe vikaanza kugongana taratibu kama meno ya mtu mwenye homa. Mimi nilibandika sikio kwenye mlango wa kabati, ulionuka majani ya chai na sabuni ya kufulia. Sauti haikuingia sikioni tu. Ilipita kwenye taya, ikashuka shingoni, ikaenda kukaa tumboni. Kutoka jikoni, penye harufu ya senene, panzi wetu wa msimu, wanaokaangwa kwa chumvi, mama alimwambia: "Elisha waitu, vikombe hivyo ni vya harusi yangu. Huko nje hakuna mti?" Naye alijibu kwamba miti alishaijaribu, haijui kuimba.

Huo ulikuwa msimu wa senene, mvua za mwisho wa mwaka, na mjini Bukoba watu wazima walikuwa wakigombana kuhusu baba mdogo. Kwetu, jazi lilikuwa jina la bendi yoyote yenye magitaa, tumba na watu wa kuicheza Jumamosi. Baba mdogo alipiga besi katika bendi ya namna hiyo, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Bakoba wenye sakafu ya nta nyekundu. Lakini yeye alikuwa ameonja jazi ya aina nyingine. Bwana Anili, mwenye duka la vitambaa na redio, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki baada ya ndugu zao kuondoka, alikuwa akitumiwa na shemeji yake wa ughaibuni kaseti za wapigaji wanaochanganya jazi, roki na ngoma za kila taifa. Walizisikiliza pamoja nyuma ya duka, katikati ya majora ya vitenge, Bwana Anili akiwa amefumba macho. Kuna methali inayomtukana Baniani na kukisifu kiatu chake. Sijawahi kuitumia tangu utoto wangu, na anayeitumia mbele yangu huwa namharibia chai.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kitu kimoja ambacho mashabiki walikiita mteremko. Mwisho wa mstari wa wimbo, mahali ambapo besi yenye heshima zake hutulia na kusubiri, besi ya baba mdogo ilianza kushuka. Sauti nyingi ndogo zilisongamana, zikachelewa, zikasukumana mlangoni kama watoto wanaotoka darasani, halafu zote zikatua mahali pake pale tu ulipokuwa umeshakata tamaa. Wengine walipiga kelele za furaha. Wengine waliacha kucheza wakasimama na mikono kiunoni, kama watu waliokanyagwa.

Kiongozi wa waliokanyagwa alikuwa Mwalimu Kamugisha, aliyefundisha kwaya na ambaye, nakiri, hakukosa dansi hata Jumamosi moja. Kwenye baraza la duka la Bwana Anili, pale mashabiki walipokutana jioni kubishana, alisimama katikati na kusema kwamba besi ni nguzo. "Nani hapa amewahi kuona nguzo inacheza?" Bwana Anili alimjibu kutoka ndani, akiwa anapima kitambaa: "Mwalimu, hiyo nguzo ndiyo inaimba. Wengine wote wanaongea tu." Watu walicheka, na Mwalimu, ambaye hakuzoea kuchekwa, akatoa jina lililoshika mji mzima. Alisema ile ni besi ya nshomile.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kutaniwa na Mhaya wala kumtania, nshomile ni Kihaya cha "nimesoma". Watanzania wenzetu wanatucheka nalo kwa sababu, wanasema, Mhaya hawezi kuomba maji ya kunywa bila kukutajia chuo alichosoma. Ni uzushi. Mimi, kwa mfano, nimefika aya hii bila kutaja shahada zangu mbili. Mwalimu alimaanisha kwamba Elisha anajigamba, anamwaga sauti nyingi ili ajulikane kuwa amesoma. Hilo lilikuwa tusi, lakini tusi la mtu aliyekuwa angalau amesikiliza. Kilichonikera, na kinachonikera hadi leo, ni utetezi. Mashabiki wake hawakusema kwamba mteremko ni mtamu. Walisema kwamba kweli amesoma. Mmoja akadai kanisa lilimpeleka Ujerumani. Mwingine akautaja na mji. Baada ya wiki chache kulikuwa na mtu aliyemwona na koti la baridi uwanja wa ndege. Baba mdogo, aliyeishia darasa la saba kwetu Ijumbi, wilayani Muleba, alipoulizwa alisomea wapi, alijibu, "Nyumbani." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Waliona huo ndio unyenyekevu wa watu waliofika Ulaya.

Haya yote yangebaki porojo za barazani, ila bendi ilikuwa imealikwa kwenda Dar es Salaam kurekodi redioni. Atakayepiga besi katika safari hiyo angesikika nchi nzima, na baba mdogo hakuwa na ndoto nyingine. Alikuwa ameshamwomba mama sanduku. Mkuu wa bendi alikuwa mtu mwema mwenye uti wa mgongo wa mgomba. Aliwaogopa mashabiki kuliko alivyoiogopa mvua. Akatangaza kwamba wapenzi wa bendi wakubaliane kwanza kama Elisha anafaa.

Jumamosi moja mchana, bendi ikiwa mazoezini, ukumbi ulijaa. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na spika, kwa ajili ya tumbo langu. Bwana Anili alikuwa ameleta redio yake kubwa ya kaseti na alikuwa akirekodi tangu mwanzo, kama kawaida yake. Mwalimu Kamugisha aliingia na karatasi ya nota, akavuta kiti kimoja, akaiweka juu yake mbele ya baba mdogo. "Ta Elisha," alisema kwa adabu zote, "wanasema umesoma. Basi tusomee."

Baba mdogo alijifuta mikono kwenye suruali. Akaitazama ile karatasi kama mtu anayetazama picha ya mkutano akimtafuta ndugu yake. Nilimwona akimtafuta kweli. Kisha akainua uso na kusema, bila aibu yoyote, kama mtu anayeomba kitu cha kawaida kabisa: "Mwalimu, niimbie kwanza."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe hakucheka sana. Nadhani alishtuka jinsi nguzo ilivyoanguka upesi. Waliocheka hadi kushika mbavu walikuwa wale wa Ujerumani. Walicheka kama watu waliotapeliwa, wakati matapeli walikuwa wao. Na baba mdogo, kicheko kikiwa bado kinazunguka kwenye bati, akaanza kupiga. Alipiga mazoezi yote hadi mwisho, na mteremko wa siku ile ulikuwa mrefu kuliko yote, nikahisi sakafu inanivuta. Waliosikia ni wachache. Wengine walikuwa wameshatoka nje kusimuliana.

Dar es Salaam alikwenda kijana mwingine, nguzo kamili, hakucheza hata kidogo. Besi ilikuwa mali ya bendi, ikabaki Bakoba. Baba mdogo akarudi Ijumbi na sanduku la mama likiwa na nguo tu. Sebuleni kwetu vikombe vilikaa kimya. Mama, aliyevilalamikia miezi yote ile, nilimkuta siku moja amesimama mbele ya kabati, akikigonga kimoja kwa ukucha.

Krismasi tulikwenda Ijumbi. Kanisani kulikuwa na harufu ya majani mabichi yaliyotandikwa sakafuni na makoti yaliyolowa. Wazee wa sauti ya nne, ile ya besi, walisimama nyuma, baba mdogo katikati yao, na wakaanza wimbo wa Kijerumani kwa maneno ya Kihaya. Sasa, aliyeyatafsiri maneno yale alikuwa mcha Mungu, lakini hakuwa amezipima silabi. Kihaya kilizidi wimbo kila mstari, kama mguu mkubwa ndani ya kiatu cha mtoto. Sauti za juu zilimeza maneno yaliyozidi. Wazee wa Ijumbi hawakukubali kumeza neno la Mungu. Mwisho wa kila mstari, wengine wakiwa wameshanyamaza, wao waliyabeba maneno yote yaliyobaki wakashuka nayo, wakiyasonga, wakichelewa, wakisukumana, hadi wakatua wote pamoja chini kabisa, na benchi nililokalia likatetemeka. Tumbo langu lilielewa kabla yangu. Nilimvuta baba mkono nikamwambia ule ni mteremko wa baba mdogo. Baba alinitazama kwa mshangao na kuninong'oneza, "Wazee wa huku ndivyo wanavyoimba siku zote."

Siku zote. Hilo ndilo linalonichoma. Nusu ya watu waliocheka Bakoba walikuwa wamebatizwa chini ya besi ile. Walizaliwa nayo, wakaozwa nayo, wakazika wazazi wao nayo. Ilipotoka kwenye gitaa, wakaitafutia cheti. Kaseti za Bwana Anili zilimpa baba mdogo ujasiri, hilo sikatai. Zilimwonyesha kwamba duniani kuna watu wanaoiachia besi iseme. Lakini alichokisema alikitoa kwao. Nabii hakubaliki kwao, na kwetu sisi hakubaliki hata akikubalika, mpaka tuambiwe alihitimu wapi.

Bwana Anili alishafariki. Mwanawe, aliyehamia ng'ambo, alikuta ile kaseti kwenye boksi la baba yake na akaiweka mtandaoni kwa nia njema, ikiwa na maelezo kwamba mpiga besi hajulikani, mahali ni Bukoba. Sasa ina mashabiki wengi kuliko ukumbi wa Bakoba ulivyowahi kuwaona, na wote wanabishana. Mmoja anaeleza kwa kirefu kwamba mteremko umeibwa kwa Mmarekani fulani. Mwingine anabisha: sio wizi, ni heshima kwa huyo Mmarekani. Wa tatu ana uhakika kwamba mpigaji ni mmisionari wa Kizungu, kwa sababu Mwafrika wa mkoani wakati ule angejifunzia wapi mambo hayo. Kipande alichokiweka kinaanza na kile kicheko, na kuna aliyeandika: sikilizeni jinsi umati ulivyokuwa na furaha. Niliifunga simu nikazunguka nyumba. Niliporudi nikaandika jina lake na la kijiji chake, na kwamba ni baba yangu mdogo, na kwamba yu hai. Nikajibiwa na mtu mwenye jina la kwetu kabisa, mwenye "Dk." mbele yake. Aliuliza kama nina ushahidi. Kisha akauliza, "Alisomea wapi?"

Nikaenda Ijumbi. Baba mdogo ni mzee sasa, ana kahawa yake na mgongo unaomsumbua. Tulikaa mezani, mbele ya vikombe vya chai, nikamwekea simu karibu na sikio. Alisikiliza hadi mwisho kwa makini. Aliwatambua wenzake mmoja mmoja: huyu wa solo, huyu wa tumba, marehemu, marehemu. Kisha akanirudishia simu.

"Mimi simo," alisema.

Nilidhani ni masikio ya uzee. Nikaiweka sikioni kwangu. Kweli hakuwemo. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Besi haipiti humo. Kulikuwa na kicheko, magitaa, tumba, na chini yake hakuna kitu. Kwangu mjini nilikuwa nimesikiliza kwa spika kubwa, sikuwa nimejua. Nikawaza wale mabingwa wote, simu mkononi, wakigombania mtindo wa mtu ambaye wengine wao hawajamsikia hata mara moja. Bakoba angalau walikuwa wamesikia kabla ya kucheka.

"Niimbie," akasema. Nikaimba mteremko kwa sauti yangu hii ya mihadhara, nyembamba, yenye kutaka kusahihishwa. Katikati alinipokea. Alikiegemeza kifua chake mezani, akashuka na maneno ya Kihaya yaliyozidi, taratibu, akichelewa, na alipotua, kikombe changu kikalia kwenye kisahani chake.

Akaniuliza hao watu wa kwenye simu wanataka nini. Nikamwambia wanataka kujua alisomea wapi. Akashangaa. "Si niliwajibu?"

Ni kweli, aliwajibu. Nikamwandikia yule Daktari neno moja, "Nyumbani," nikaiweka simu mezani kati ya vikombe. Haikuchukua muda, vile vinyuso vya njano vinavyocheka hadi kutoa machozi vikaanza kupandana chini ya neno lile, kimya, kimoja baada ya kingine.