Vifuniko Vinne vya Dawa

Yule mtaalamu wa mradi wa mifugo alikuja kwetu, bara ya Lunga Lunga, na bango la rangi: kilo, hekto, deka, katikati lita, kisha desi, senti, mili. Alilitundika kwenye zizi la shangazi yangu kabla hajamwamkia mtu. Mimi nilikuwa likizoni. Kazi yangu ni mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na watu wa aina yake nawajua. Husoma menyu nzima kwa sauti, kisha huagiza chipsi.

Alituimbisha, mimi na wanawake wa kijiji, kama watoto wa chekechea.

"Mili ni nini?"

"Sehemu ya elfu!"

"Sijasikia!"

Shangazi alinong'ona, "Huyu masikio yana nta."

Kisha akaletwa mbuzi wa shangazi apewe dawa ya minyoo. Ukame ulikuwa umemwachia huyo mmoja tu, naye alikuwa na mimba ya miezi minne. Chupa ya dawa iliandikwa wazi: mililita moja kwa kila kilo kumi. Mtaalamu akamtazama mbuzi, akasema kilo arobaini. Hapo hakukosea. Mililita nne, akasema, na hapo pia alikuwa sawa. Akatoa mfukoni kifuniko cha chupa ya maji.

"Kifuniko kimoja ni mililita moja. Mpe vinne."

Wanawake wakatazamana. Kwetu dawa ya mifugo hupimwa kwa kifuniko hicho hicho, na mbuzi mkubwa hunywa kimoja kisichojaa. Vinne ni vya ng'ombe.

"Bwana," shangazi alisema kwa adabu, "hicho umewahi kukijaza ukakipima?"

"Mama, mimi nimesomea vipimo."

"Sikukuuliza shule. Nimekuuliza kifuniko."

Alicheka, akamshika mbuzi taya. Shangazi akaingiza mkono wake kati ya chupa na mdomo wa mnyama, akaniagiza sirinji iliyokuwa juu ya kabati. Nilijaza kifuniko maji, nikayavuta yote. Maji yalipita alama ya mililita sita.

"Sirinji yako mbovu," mtaalamu alisema, uso umemwiva.

"Basi tutumie yako."

Hakuwa nayo. Alikuja kufundisha vipimo bila kipimo hata kimoja. Alikuwa na bango. Shangazi alivuta mililita nne kwa sirinji yetu, akamnywesha mbuzi mwenyewe. Mtaalamu aliandika kitu kwenye daftari, nami nilichungulia: "Wanajamii wamepokea mafunzo vizuri."

Likizo yangu ikielekea kwisha, mbuzi alizaa mapacha. Mtaalamu alirudi na kamera na bango lake, akitaka picha ya mafanikio ya mradi. Shangazi hakumkatalia. Alimpanga vizuri, mapacha miguuni, bango nyuma, kisha akamtia mkononi kifuniko cha chupa ya maji.

"Kishike hivyo, bwana, kionekane," akamwambia. "Sasa cheka."