Kukaa Peke Yetu

Kiangazi nilichorudi nyumbani na digrii ambayo hakuna mwajiri aliyeiulizia, nilitazama kwenye simu video ya mwanamke wa ng'ambo akieleza namna ya kujiwekea malengo majira ya joto yakifika. Alikuwa ameketi kando ya maji ya buluu. Jitengee muda wako ukae peke yako, kama mimi hapa, alisema. Nilikuwa na maswali. Muda ambao si wangu huwa ni wa nani? Na kama kweli yuko peke yake, nani ameshika kamera? Hata hivyo maneno yake yalinikaa, nami nikajiwekea lengo moja: kila siku baada ya chai ya asubuhi, saa nzima ya kukaa peke yangu na kufikiri.

Nilikuwa na la kufikiria. Mjomba, kaka yake mama, ana ofisi Malaba ya kushughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda, na alikuwa ameniwekea kiti. Kiti chenyewe nilionyeshwa, bado kimevikwa nailoni. Alitaka jibu kabla ya Pasaka, na watu wote walijua ni ndiyo. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijui. Niliogopa nitasema ndiyo bila kufikiri, kisha nizinduke nikiwa mama mzima, nagonga mihuri na kulaumu foleni.

Siku ya kwanza nilifunga mlango wa chumba changu. Hilo lilikuwa kosa. Kwetu, upande huu wa Kocholia, mlango haufungwi mchana. Anayefunga ni mgonjwa, au amefiwa, au anakula nyama. Mama alibisha, akauliza kama ni malaria. Nikamwambia nafikiri. Akauegemea mlango kwa nje.

“Unafikiria nani?”

“Sifikirii mtu, mama. Nafikiri tu.”

“Huyo mtu ana kazi?”

Kesho yake nilihamia nyuma ya jiko. Nyanya akanifuata akiburuta kigoda. Alikuwa ameambiwa kwamba mjukuu wake anakaa peke yake, na katika maisha yake yote hajaona mtu akitupwa na ukoo wake namna hiyo.

“Nimekuja tukae peke yetu,” alisema.

Tulikaa peke yetu hadi chakula cha mchana. Alinisimulia nani alimwoa nani, pande zote mbili za mpaka, na kwa nini hawakupaswa. Nilifikiri sana siku hiyo, ila mambo yangu hayakupata zamu.

Habari zikafika kwa akina mama wa jumuiya. Walikuja na rozari, wakaimba, wakaomba roho ya upweke initoke. Niliwauliza, kwa adabu kadiri ninavyoiweza, kama Yesu mwenyewe hakwenda jangwani peke yake. Mwenyekiti wao alikubali kwamba alikwenda, kisha akanikumbusha ni nani aliyemtembelea huko. Walipomaliza chai yote na kuondoka, roho ya upweke kweli ilikuwa imetoka. Ingekaa wapi?

Kilichoniokoa ni muhogo. Jua likiwaka hivyo, kila boma huanika muhogo uliomenywa juu ya turubai, ukauke, usagwe pamoja na wimbi. Na muhogo ukianikwa, lazima mtu aulinde kuku wasiuchakure. Asubuhi moja mama alienda soko la Angurai, akaniachia fimbo. Niliketi kivulini. Jirani akapita, akanisalimu, akaenda zake. Mwingine naye hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza namfikiria nani. Hata nyanya alinitazama kwa mbali, akageuza kigoda chake. Nilikuwa kazini.

Kumbe mtu anaruhusiwa kukaa peke yake mchana kutwa, mradi ashike fimbo? Niliomba kulinda tena kesho yake, na kesho kutwa. Mama alishuku, kisha akawatangazia watu kwamba nimepona. Majirani nao wakaleta turubai zao, maana nilikuwa na nafasi. Uwanja ukawa mweupe, nami nikafikiri kuliko nilivyofikiri miaka yote ya chuo, ambako mihadhara ilikuwa ikinikatiza. Kidogo kidogo nikajua kwamba ofisi ile siitaki. Ninachotaka kilikuwa bado hakijajitokeza vizuri, lakini hilo moja nililijua, na nililijua mwenyewe.

Mjomba alikuja Jumapili baada ya misa, na viatu vyake vya kung'aa, akasimama ukingoni mwa turubai.

“Sasa, msomi. Kesho unaanza?”

“Hapana, anko. Asante kwa nafasi, lakini sitakuja.”

Aliuliza nani amenishauri. Nikasema hakuna. Akauliza tena, kwa sababu jambo hilo lilikuwa haliwezekani. Basi nikainuka, nikamwelekea na kumweleza yote. Sikuyatoa macho yangu usoni pake hata mara moja. Nilipomaliza, alikuwa anatazama mbali kupita bega langu. Nikadhani nimemuumiza.

“Mbuzi,” alisema.

Niligeuka. Walikuwa wameshamaliza muhogo wa jirani na walikuwa wakianza wetu.

Jioni familia iliketi kunijadili. Nilikuwa nimeandaa hoja za kutetea uamuzi wangu, moja baada ya nyingine. Mama aliinua mkono kunizuia.

“Ya ofisi tumesikia. Umekataa, wewe ni mtu mzima. Sasa tueleze ya mbuzi.”

Niliyaeleza ya mbuzi hadi ugali ukapoa. Ya ofisi hakuna aliyeyarudia.