Mshipi Mkononi mwa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mvuvi, ukimuuliza yeye. Kazi yake hasa ilikuwa kukata miwa hapa Ruhembe, na mkono wake wa kulia ndio uliotulisha. Lakini msimu wa kukata ukifungwa alishinda mtoni akivua kambare, na jirani aliyesimama kutusalimia hakuondoka bila kusimuliwa habari zao. Alikuwa akitupa ndoana, anauzungusha mshipi kwenye kifundo cha mkono, anajinyoosha kwenye nyasi na kusinzia. Kambare akivuta, anaamka.

Kaka yangu, ambaye tulizaliwa naye Magomeni, Kilosa mjini, ni nahodha wa boti huko pwani. Kazi yake ni kupeleka watu kuvua mbali, kwenye maji yenye kina. Mwaka jana alituita tukamtembelee. Tulipandia basi Mikumi, na njia nzima mume wangu alinieleza jinsi atakavyomwonyesha shemeji yake namna watu wa bara wanavyovua. Nilimwambia apunguze sauti, abiria wanasikia.

Tulipofika, kaka alitupakia kwenye boti yake, na nchi kavu ilipopotea machoni, nilianza kutapika. Nilitapika chai, nikatapika nyongo, nikajuta kuzaliwa. Mume wangu naye alikuwa amepauka midomo, ila kukubali kushindwa mbele ya shemeji ni jambo asiloliweza. Akameza mate, akaomba mshipi. Kaka alimpa, tena akamwonya vizuri kabisa, mimi nikisikia.

"Shemeji, huku haufungwi mkononi. Ushike kwa vidole tu, samaki akikuzidi nguvu uachie."

Mume wangu akacheka, akasema ameelewa. Kaka akarudi kwenye usukani. Mimi nilikuwa nimeinamia maji upande wa pili, nikiwa na shida zangu. Sijui ni usingizi wa kichefuchefu uliomjia au ni mazoea tu, lakini aliuzungusha mshipi mkononi, kama anavyofanya mtoni.

Nilisikia kishindo. Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amepiga magoti, kifua kimebanwa kwenye ukingo wa boti, na mkono wa kulia umezama majini mpaka kwapani. Alinitazama tu, na macho yale sijayasahau.

Nilimrukia, nikamshika mkanda wa suruali, nikakanyaga ubavu wa boti kwa miguu yote miwili. Boti ikalalia upande wetu. Kaka aliacha usukani akitafuta kisu, na kisu cha chambo hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimeteleza chini ya mbao kwa vile boti ilivyoyumba. Nilimsikia akipekua huku akitukana. Mimi nilimwomba Mungu, nilipoona anakawia nikamwomba samaki. Nilimwambia samaki yule, ambaye sikumwona hata pezi, aniachie mume wangu, nina watoto. Mkanda ulikuwa ukinichubua vidole. Nilijua nikiuachia, anakwenda.

Kaka alikipata kisu, akainama juu yetu, akakata. Tukaanguka chali wote.

Mshipi ulikuwa umezama kwenye nyama mpaka hauonekani. Kaka aliuchomoa taratibu, akaufunga mkono kwa khanga yangu, akaigeuza boti. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote, na mbele bado hapakuwa na kitu ila maji. Vidole vikavimba, vikawa vyeusi. Nilimwambia kaka aongeze mwendo, akasema hakuna mwendo zaidi. Nilimwambia tena. Nilimchukia kaka yangu njia nzima, na hakuwa na kosa lolote.

Hospitali waliuokoa mkono, lakini kano zilikuwa zimekatika. Daktari alitueleza kwa upole kwamba vidole havitakunjika tena. Mume wangu aliitikia kwa heshima, kana kwamba anaambiwa habari za mtu mwingine.

Msimu wa miwa ukafunguliwa. Mashamba yalichomwa kabla ya kukatwa, majivu yakaangukia nguo nilizoanika, na wakataji wakaanza kupita mbele ya nyumba yetu asubuhi, salamu zao zikiwa fupi kwa kumwonea haya. Alijaribu kwa mkono wa kushoto, akakosa muwa, akakaribia kujikata goti. Unga ulikuwa umefika kitakoni mwa ndoo.

Asubuhi moja alikuja jikoni na panga na kipande cha ile khanga. Alikaa kwenye kigoda, akauweka mpini kwenye kiganja kilichokufa, akaninyooshea.

"Mama watoto, nifunge."

Nilimtukana. Nilimuuliza kama bahari haikumtosha. Nililia mpaka watoto wakachungulia mlangoni, naye hakuushusha mkono. Basi nikapiga magoti, nikazungusha kitambaa kwenye mpini na kwenye kifundo, nikafunga kwa kulegeza.

Alilitikisa panga, likacheza.

"Kaza," akasema.

Nikakaza, juu ya kovu lilelile.