Nilifuta Sauti ya Baba Mkwe Wangu Ili Nipate Nafasi ya Filamu

Kosa ni langu, na ninalisema mapema ili usije ukanionea huruma bure. Nilifuta video ya mahari yangu mwenyewe kwenye flashi ili nipate nafasi ya filamu ya watu wanaopigana juu ya treni. Ndiyo, treni! Hapa Goma hata reli hatuna.

Jina langu sitalitaja, na majina ya nyumbani kwangu nimeyabadilisha. Kama wewe ni mtu wa mtaa wetu wa Murara na umenitambua, nakuomba ukae kimya. Niliyemkosea bado yuko kwangu, tunakula naye sahani moja, na kila asubuhi ananiombea kwa Mungu.

Mimi ni mpenda filamu. Nalisema hilo kama mwingine anavyokiri kwamba yeye ni mlevi. Kila Ijumaa nilikuwa natuma sauti kwenye kundi letu la simu, naeleza filamu gani ya kuangalia nyumbani wiki hiyo, ipi ya kuachana nayo, na ipi iko njiani inakuja.

Nilikuwa mkali! Filamu ikianza na mtu anayesimulia maisha yake yote, naizima. Shujaa akipigwa risasi tano na bado anaparamia ukuta, namcheka. Zile za mapenzi ambazo lazima mvua inyeshe ndipo watu wakumbatiane, nilizisema vibaya mpaka akina mama wa kundi wakaninunia. Lakini walisikiliza. Watu walikuwa hawanakili filamu kabla hawajajua nimesema nini, na sifa hizo zilinivimbisha kichwa.

Sasa sikia filamu niliyoisema vibaya kuliko zote. Ilikuwa video ya siku nilipopeleka mahari.

Baba mkwe wangu alikuwa mfugaji wa milima ya Masisi, mrefu, mtu wa kofia na fimbo. Siku ile alisimama mbele ya wageni akasema maneno yake ya kumtoa binti. Mpiga video alisimama nyuma ya watu, kwa hiyo unachoona ni migongo na vitambaa vya kichwani, upepo unavuma kwenye kipaza sauti, na muzee kwa mbali anataja ng'ombe mmoja mmoja, na mama wa kila ng'ombe, na bibi yake. Dakika ishirini nzima!

Wageni wakija nyumbani nilikuwa nawaambia, hii ndiyo filamu ya migongo. Mke wangu, nimwite Mama Neema, alikuwa anacheka pamoja nami. Wakati huo baba yake yuko hai, na baba aliye hai unaweza kumtania.

Kisha vita vikapanda Masisi. Mama mkwe akashuka Munigi, pembeni mwa mji, kwenye nyumba yao ndogo ya mbao. Muzee alikuja naye, akakaa siku chache, akasema anarudi kuangalia ng'ombe wake. Hakushuka tena. Mmoja alituambia waasi walimkuta njiani, mwingine akasema alionekana amevuka mpaka. Hakuna aliyeona mwili. Hatukufanya hata matanga, maana hatukujua kama tunamlilia aliyekufa au aliyepotea.

Hapo ndipo ile video ikawa muzee mwenyewe. Mama mkwe aliiweka DVD kwenye kopo la biskuti huko Munigi, na nakala ya pili ilikuwa kwenye flashi, kabatini kwangu, kwa sababu kwake hakukuwa na umeme. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuja Murara, anakaa, mkono shavuni, anaangalia mwanzo mpaka mwisho. Alijua pale muzee atakapokohoa. Mke wangu hakuiweza tena video ile, sauti ya baba yake ikianza tu anakimbilia jikoni. Siku yenyewe ya mahari pia hakuyasikia maneno hayo, kwa vile bibi harusi hufichwa ndani mpaka aitwe.

Na mimi? Mimi nilikuwa natoka nje na simu yangu. Jumapili zote zile! Sikukaa hata mara moja nikaimaliza.

Ikafika Jumamosi ile. Rafiki yangu anayefanya kazi kwenye ofisi moja ya Himbi, yenye mtandao mzuri, alinipigia kwamba ile filamu ya treni niliyowaahidi watu wa kundi tangu zamani ameipata, nije haraka kabla hajafunga ofisi. Diski zangu zote zilikuwa zimejaa. Nikafungua kabati, nikaiona flashi ya mama.

Nikajiambia, DVD ipo Munigi, wiki ijayo nitanakili tena. Nikafuta. Haikuchukua hata muda wa kunywa maji. Nikakimbia Himbi, nikarudi na filamu ya treni ndani yake.

Jioni hiyohiyo mlima wa volkano ukapasuka. Aliyekuwa hapa hahitaji kuambiwa mbingu ilikuwa na rangi gani. Nyiragongo ilimwaga moto upande wa Munigi, na sisi tukasimama barabarani na godoro, hatujui tuelekee wapi.

Asubuhi ya Jumapili mama mkwe akafika kwa miguu. Alikuwa na sufuria moja na Biblia. Mke wangu akalia, yeye hakulia. Akakaa kwenye kiti chake kilekile cha Jumapili, akaniangalia.

"Nyumba imeenda," alisema. "Kopo imeenda na DVD ndani. Lakini muzee iko hapa kwako, mukwe wangu. Ndio Mungu amenibakishia."

"Iko, mama," nikajibu.

Maneno mawili tu! Ningesema ukweli saa ile, angenilaani, angelia, na huenda leo ningekuwa nalala usingizi. Niliogopa. Macho ya yule mama yalikuwa yamechoka sana, nikaona bora nimpe siku moja ya kupumzika. Siku moja ikazaa nyingine, na umeme nao ulikuwa umekatika.

Ardhi iliendelea kutetemeka, na Alhamisi asubuhi tukaamriwa kuondoka mjini. Mji mzima ukamwagika kwenye barabara ya Sake, watu na magunia na mbuzi. Katikati ya msongamano ule, kitu ambacho mama aliniuliza ni kimoja, kama nimechukua flashi. Nikapiga mfuko wangu nikamwambia ninayo.

Huko Sake tulilala kwenye darasa la shule, familia nyingi kwenye mikeka. Watoto kila ardhi ikitikisika walikuwa wanapiga kelele. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kompyuta, na mimi kichwa changu kikaniambia nitasaidia watu. Nikatoa flashi, tukawasha ile filamu ya treni mchana wa jua. Tena nikasimama kwanza nikatoa maoni yangu, eti mwanzo ni mzito, vumilieni mpaka daraja. Watu wakapiga makofi.

Mama alikaa mbele kabisa, kati ya watoto. Alikuwa anaangalia watu wanaorushana kutoka juu ya treni, kwenye flashi ileile iliyokuwa na mume wake. Baadaye aliniambia filamu ilikuwa nzuri, ila kelele nyingi, na kwamba muzee tutamwangalia nyumbani, si mbele ya watu. Wengine nao wakaleta filamu zao za kwenye simu, nikazipakia moja baada ya nyingine mpaka flashi ikakataa.

Tuliporudi nyumbani nilikimbilia kwa fundi mmoja wa Himbi anayetengeneza kompyuta za maofisi. Nilimweleza kama vile ni habari ya mtu mwingine. Akatabasamu, nikapata tumaini.

"Kufuta siyo kitu," aliniambia. "Kile umefuta kinabakiaka ndani, mpaka uweke kitu ingine juu. Uliweka?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ngapi?"

"Mpaka ikajaa."

Akanirudishia flashi mkononi bila kuifungua. Alisema filamu moja peke yake haifuniki kila kitu, ningemletea siku ileile ya kwanza, au hata kabla ya Sake, angemtoa muzee, kama si mzima basi sehemu kubwa. Unanielewa? Siku ile mama alipokaa kwenye kiti na kuniuliza, muzee bado alikuwa humo ndani! Niliyemmaliza ni mimi, kule darasani, watu wakinipigia makofi.

Sasa nifanyeje? Nikafanya ubaya wa pili. Nilichukua koleo nikaikunja ile flashi mpaka ikapasuka ndani, ili fundi yeyote asiweze kuifungua akaona filamu zangu. Nikamwambia mama imeumia kwenye safari. Hakunigombeza. Aliifunga kwenye pindo la kitenge chake, na kuanzia hapo akawa anaizungusha mwenyewe kwa mafundi wa mji huu, Birere, Virunga, mpaka kule Katindo. Wote walitikisa kichwa. Anarudi jioni na vumbi miguuni, anasema labda yule wa kesho atajua. Nami namwekea maji ya kuoga! Hicho ndicho nilichoweza.

Miaka ikapita hivyo, mpaka waasi wakaingia mjini. Nilikuwa nimetoa maoni mengi sana juu ya filamu za vita, kwamba hii imepigwa picha vizuri, ile mizinga yake ni ya uongo. Mizinga ilipolia kweli, nililala chini ya meza na mkono juu ya kichwa cha mtoto wangu, sina maoni. Baadaye umeme ukakatika, maji yakakatika, benki zikafungwa. Simu zilipopata chaji, watu wa kundi waliniandikia waniulize nini kinakuja karibuni. Mimi! Nilikuwa sijui hata makaa ya kesho yatatoka wapi.

Siku moja ya hizo, saa ya mchana, mama akaniita. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Papa Neema," alisema, "umeme haiko, na flash mafundi wameishindwa. Lakini weye unajuaka kuhadisia filamu, batoto wanakusikilizaka. Unihadisie ile ya dot, siku ulileta mahari. Maneno ya muzee. Mu kichwa yangu inaanza kunipotea."

Nikakaa. Mimi ninayeweza kukusimulia filamu niliyoiona mara moja miaka kumi iliyopita, nani alisema nini na amevaa shati gani. Nilitafuta kichwani. Nikapata migongo. Nikapata upepo, na ng'ombe bila majina yao. Neno la muzee, hata moja, sikulipata.

Alikuwa ananingoja, mikono mapajani.

Nikaanza kwamba muzee alisimama, akavua kofia, akatazama watu. Na pale maneno yalipotakiwa, mdomo wangu ukachukua ya filamu moja ya zamani, baba anayemsindikiza binti yake kituoni. Nikasema muzee alisema hivi: mlango wangu hauna kufuli kwa mtoto huyu, siku akichoka arudi, na sitamwuliza kwa nini.

Mama alifumba macho. Machozi yakamtoka, yale ambayo hakuyatoa hata kwa nyumba yake.

"Ni vile," alisema. "Ni vile kabisa alisema. Asante, mutoto yangu."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maharage. Alinifuata nje ya nyumba.

"Ile film tuliiona sisi wawili, Neema hajazaliwa," alisema taratibu. "Na kwetu Masisi hakukuwaka kufuli. Mulango ilikuwa ya mianzi."

Ndipo nikamweleza yote, treni, Sake, fundi, koleo. Nilitegemea atapiga kelele. Aliokota maharage mabovu mpaka akayamaliza, kisha akasema nisimwambie mama, kwa kuwa sasa nimeshampa kitu cha kushika, na kumnyang'anya ni kumzika muzee mara ya pili. Tangu siku hiyo mke wangu anaongea nami habari za makaa, maji na ada ya shule. Kunicheka hanicheki tena, hata ninapostahili.

Nimefungwa pande zote. Nikisema, ninamuua yule mama. Nikinyamaza, mtu wa filamu anakaa mahali pa muzee wa watu. Juzi nilimkuta Neema amesimama mbele ya bibi yake, mikono nyuma, anakariri maneno ya babu yake. Mlango wangu hauna kufuli. Bibi anapiga makofi. Mimi nilipita haraka nikaingia chooni, nikalia huko kama mjinga.

Kundi nililifunga. Watu wanadhani ni kwa sababu ya vita.

Kwa hiyo wewe unayesoma, uliye na simu iliyojaa na unatafuta cha kufuta, nakusihi! Ile video ya mjomba anayeongea sana, ya harusi iliyopigwa na mtu asiyejua kamera, ya mzee anayekohoa, usiiguse. Futa filamu, zitakuja nyingine, zinakuja kila wiki. Na kama umeshafuta, usiweke kitu juu yake, kimbia useme leo hii, hata kama watakutukana. Zaidi ya yote, mzazi wako akiongea, kaa umsikilize mpaka amalize. Dakika ishirini si nyingi.

Naishia hapa. Leo ni Jumapili, mama ametoka kanisani na ameshavuta kiti chake, ananingoja nimhadisie tena. Wiki iliyopita nilibadilisha neno moja katika yale maneno, akanisahihisha.