Mfasiri wa Buguruni Anayeweka Jina Lake

Saa moja asubuhi, kwenye baraza ya duka la kanga hapa Buguruni, watu kumi na mmoja kutoka Kipawa wamesimama wakisikiliza barua yao wenyewe.

Anayeisoma si aliyeiandika. Ni Mwalimu Yuliana wa shule ya misheni, aliyekuwa akipita zake kwenda kazini. Hakuwapo walipokuwa wakieleza shida yao, na ndiyo sababu ameitwa. Anapitisha macho kwenye Kiingereza, kisha anakisema kwa Kiswahili.

"'Kisima tulichimba sote,'" anasoma Yuliana. "'Lakini mkosaji ni mimi, Mwinjuma Mwishehe, na adhabu yake naipokea.'"

"Hee! Adhabu ya nini?" Bi Tabu anadakia. "Kwani kaua mtu?"

Mzee Mwinjuma anamgeukia mwandishi. "Wewe Mhaya wewe, Kizungu kimekujaa mpaka kinamwagika. Mie hilo nimelisema saa ngapi?"

"Hukulisema, mzee. Nisamehe," anajibu Kornelio Rwegasira. Anaichana karatasi na kuchukua nyingine.

Ni ya pili kuchanika tangu afungue wino. Ile ya kwanza ilimfanya Mzee Mwinjuma mjumbe wa wenzake, naye akaikataa. "Yaani mie tarishi? Mtoto akitumbukia mle ndani, nitasema nilitumwa tu?"

Kinachowaleta watu hawa ni barua ya Bwana Afya, ofisa wa serikali wa mambo ya usafi. Kipawa kimechimbwa kisima bila kibali, na Bwana Afya anataka jina la mwenye kuwajibika katika siku saba, la sivyo kitafukiwa. Leo ni siku ya sita.

Masika iliyopita walikuwa wakinywa maji ya kijito. Bi Tabu alizika wajukuu wawili ndani ya siku tisa. Baada ya arobaini ya yule mdogo hakuna aliyeitisha mkutano. Watu walikuja tu na majembe, nyumba kumi na mbili, wakachimba mpaka wakayaona maji.

"Tangu hapo hatujazika mtoto," anasema Bi Tabu.

Shida ya barua ni hii. Pwani, kila penye harusi au msiba yuko mwenye shughuli. Hakupika, hakutandika majamvi, pengine hata wali wenyewe hakuuonja. Lakini sufuria ya watu ikipotea anaulizwa yeye, na mgeni akikosa pa kulala anaulizwa yeye. Hakukosa wala hakutumwa. Amesimama mbele ya wenzake, basi. Mzee Mwinjuma anataka aandikwe hivyo.

"Wazungu hawana mtu wa namna hiyo?" anauliza mzee.

"Wanaye. Ila nikimpa neno moja, ama nitamfunga ama nitampunguza. Itabidi tumweleze."

Bwana Kornelio ana miaka arobaini na tisa. Alikuja Dar es Salaam kutoka Bukoba mwaka 1931, akawa karani wa ghala bandarini, na sasa ni mwaka wa kumi na nne anaandika barua za watu. Ukurasa ni shilingi moja. Zilizochanika hatozi, ingawa karatasi na wino ni vyake. Siku nzuri huondoka na shilingi sita. Wenzake wa baraza za jirani hupata mara mbili ya hizo, kwa sababu hawachani kitu.

Kuna jambo jingine linalomtenga nao. Waandishi wa barua hawaweki majina yao. "Serikali ikiichukia barua, mwandishi hayupo," anasema Bwana Didas, anayekaa baraza ya pili. "Ndiyo kazi yetu ilivyo. Huyu mwenzetu anataka nishani ya ushujaa."

Zamani Kornelio naye alikuwa hayupo. Kisha ikaja habari ya Albano, mwenye mkokoteni. Kibarua wake aliuacha barabarani na gari likaugonga. Albano alifika barazani akasema yeye ndiye mwenye mkokoteni, hasara aulizwe yeye. Kornelio alikuwa na kitabu cha mifano ya barua. Akachagua sentensi nzito, ile wanayoiandika mabwana wakubwa wanapokiri makosa.

Albano alifungwa miezi miwili kwa jambo ambalo mikono yake haikulifanya.

"Mahakamani waliuliza nani kaiandika. Hakuna aliyejua," anasimulia Kornelio, akiifuta nibu ya kalamu kwa kitambaa. "Kiingereza changu kilikuwa kizuri kuliko ukweli wa yule bwana. Nilimfuata alipotoka. Nikamwambia ni mie. Akanitazama, akasema, 'Ungesema siku ile.'"

Tangu siku hiyo hakuna dole gumba linaloshuka kwenye karatasi yake kabla mtu mwingine hajairudisha kwa Kiswahili.

Barua ya tatu inakwisha. Mwalimu Yuliana anaitazama saa yake. "Kengele ya shule itanikuta hapa, Bwana Kornelio."

"Hii tu, mwalimu. Tafadhali."

Anasoma. "'Kisima tulichimba sote, kwa sababu watoto walikuwa wanakufa. Maji yakiwa machafu, njooni kwangu. Mtu akitumbukia, njooni kwangu. Mkitaka kukifukia, njooni kwangu kwanza, mtanikuta nimekaa pale. Sikimbii, wala sijifichi nyuma ya wenzangu. Mwinjuma Mwishehe.'"

Mzee Mwinjuma anakohoa kidogo. "Haya. Huyo ndiye mie. Lete wino."

Dole linashuka. Kisha Kornelio anaongeza mistari miwili chini, naye Yuliana anaisoma bila kuombwa: "'Maneno ni yao, Kiingereza ni changu. Penye kosa niulizwe mimi, Kornelio Rwegasira, Buguruni.'"

"Waandikie na kipimo cha shingo yako, wasihangaike na kamba!" Didas anapiga kelele kutoka ng'ambo, na watu wanacheka. Kornelio naye anacheka. Anaikunja barua na kuitia kwenye bahasha.

Siku ya tisa tangu barua iende, aliitwa ofisini. Bwana Afya alitaka kujua kama ndiye aliyewatia watu wale maneno mdomoni.

"Nilimwambia, 'Hapana, bwana. Mie niliyatoa mdomoni mwao.' Nikamwambia awaite, alete na mkalimani wake, awaulize bila mie kuwapo."

Bwana Afya alifanya hivyo hivyo. Mzee Mwinjuma alirudia kila neno, na mkalimani wa serikali akayatafsiri yaleyale. Maji yalipimwa. Kisima kimebaki, kwa sharti kijengewe ukingo na mfuniko, na Mzee Mwinjuma akiangalie. Wiki hii nyumba kumi na mbili zinasomba mawe.

Kornelio sasa anaandika daftari kwa ajili ya waandishi wenzake. Limefika ukurasa wa arobaini. Kila ukurasa una usemi mmoja wa mtu anayesimama mbele ya jambo: niulizeni mie, nipo naye, hili nalibeba. Chini yake hakuweka neno moja tu la Kiingereza la kusimama badala yake. Ameandika yatakayompata msemaji usemi ukitafsiriwa vibaya, na namna ya kuueleza ukafika salama. Ukurasa wa kwanza ni wa Albano, kwa ruhusa yake.

Anatumaini kupata wa kulichapa kabla ya mwaka kwisha. Aliyewahi kuliona alimshauri aliache bila jina, asije akalaumiwa na wakubwa.

"Jina nitaliweka," anasema, "na nyumba ninayokaa pia. Mtu akifungwa kwa maneno yangu, nduguze wajue pa kuja kugonga."