Gia ya Tatu na Buti la Kushoto

Nilipotoka eda nilioga, nikavaa nguo za rangi kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi, nikaenda moja kwa moja uani kuitazama pikipiki ya marehemu mume wangu. Majirani walidhani nitaanza kwa kutembelea watu. Watu walikuja hitimani, wakala pilau, wakaenda zao. Pikipiki ilikuwa bado ipo.

Shemeji yangu, kaka yake marehemu, alikuwa ameshaamua. Mwanamke peke yake, alisema, ana kazi gani na pikipiki na shamba la mihogo kule Fukayosi? Viuzwe vyote, mimi nihamie kwake Dar nikasaidie kulea wajukuu. Nilimwambia naendesha tangu usichana wangu, kabla hata sijaolewa. Akacheka, akanipa mpaka Ijumaa nimwonyeshe. Bila pikipiki nisingeweza kwenda shamba na kurudi, na bila shamba sikuwa na sababu ya kumpa ya kubaki nyumbani kwangu Bagamoyo.

Gia ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikakataa. Nanyanyua pedeli ya gia kwa vidole vya mguu, naachia klachi, injini inapiga kelele tupu na pikipiki inazidi kupunguza mwendo. Nikairudisha nyumbani kwa gia ya pili, watu wakinitazama, nami nimenuna.

Nilianza na ninayoyajua, maana niliyaona yakifanywa uani kwangu miaka yote. Waya wa klachi ukilegea gia huwa ngumu, basi nikaukaza. Oili ilikaa kipindi chote cha eda, nikaimwaga, nikatia mpya. Chumvi ya pwani haiachi kitu, nikasugua pedeli kwa mafuta ya taa mpaka ikacheza vizuri. Kila nilipomaliza jambo moja niliinua kichwa kumwambia mtu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Yeye alikuwa na tabia ya kuniuliza, "Unasikiaje huko nyuma?" kwa sababu mimi niliyekaa nyuma yake ndiye niliyesikia injini ikibadilika. Sasa nilikuwa mbele na nyuma peke yangu.

Jumatano nikaipeleka kwa fundi. Alipanda, akaenda mpaka mwisho wa barabara, akarudi.

"Mama, gia zote zinaingia," alisema. "Labda unaiogopa."

Nikapanda mbele yake, ikakataa. Akaguna, akasema basi injini ifunguliwe, nimwachie wiki mbili. Nikamshukuru, nikaondoka na pikipiki yangu. Wiki mbili ningezitoa wapi?

Alhamisi asubuhi nilikaa kibarazani na chai iliyopoa. Kwa fundi inaingia, kwangu haiingii. Niliwaza hivyo mara nyingi, mwisho nikaacha kuikagua pikipiki nikamkagua fundi. Nilimkumbuka kuanzia kichwani mpaka nilipofika miguuni. Alivaa viatu vizito vya soli nene. Mimi nilivaa makubadhi, viatu vyangu vya wazi vya ngozi nyembamba, kama siku zote.

Nikachutama kwenye pedeli. Hushikwa na boliti moja kwenye chuma chenye meno, na ilikuwa imepandishwa meno mawili. Pale ilipokuwa zamani palibaki peupe, pasipo kutu. Mguu wangu mwembamba ulilazimika kupanda juu mno, ukaishia njiani kabla gia haijakamata. Boliti za pikipiki ile hazikuwahi kufunguliwa na mtu mwingine ila mume wangu. Ni yeye aliyeipandisha.

Nguo zake zote tulizitoa sadaka. Yalibaki mabuti ya mpira tu, nyuma ya mlango, kwa sababu la kushoto lilikuwa limechanika ubavuni na hakuna aliyelitaka. Mwaka wake wa mwisho aliyavaa kila tulipokwenda shamba, hata kiangazi. Aliniambia ni kwa ajili ya nyoka. Nikalichukua lile la kushoto nikaliangalia juani. Halikuchanika. Lilikatwa kwa kisu, taratibu, mkato ulionyooka toka juu mpaka kwenye kifundo, ili mguu mnene uingie, na mguu huo ndani ya buti usingepita chini ya pedeli bila kuipandisha.

Daktari aliponiambia moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, aliniuliza kama miguu ilikuwa ikivimba. Nilimjibu hapana, tena kwa ukali, maana mimi ndiye mkewe.

Nikasokomeza vitambaa ndani ya mabuti, nikayavaa, nikatoka. Ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikaingia bila ubishi. Nilikwenda mpaka Fukayosi, nikang'oa mihogo, nikarudi, na njia nzima nilikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, huku nalia ndani ya helmeti. Nyuma yangu kulikuwa na gunia la mihogo.

Nilipofika nikachukua spana, nikalegeza boliti, nikaishusha pedeli meno mawili mpaka mahali pake pa zamani. Nikavaa makubadhi nikazunguka mtaa, gia zote zikaingia. Shemeji akija Ijumaa ataona kwa macho yake.

Buti nililirudisha nyuma ya mlango, nikakaa sakafuni karibu nalo. Alinificha mguu wake mwaka mzima, ilhali alijua fika kwamba naendesha. Angeniambia, ningeendesha mimi, yeye akae nyuma.